Tundu Refu Lisilo na Mwenyewe

Siku ya pili ya msiba wa mjomba wangu Shomari tulikuwa tumekaa wanawake kwenye mikeka, na katikati yetu mtoto mdogo wa mgeni mmoja kutoka Dar es Salaam alikuwa anachezea kikasha cha plastiki. Kifuniko chake kilikuwa na matundu ya maumbo mbalimbali, na mtoto alikuwa na vipande vya kutia humo. Anashika kipande, anakijaribu huku, hakiingii. Anakizungusha, anakijaribu kule, kinaanguka ndani, tak. Wanawake waliochoka kulia wakawa wanamtazama na kutabasamu. "Huyu ana akili huyu," mmoja akasema. Mimi nikainuka, nikaenda kukaa nyuma ya jiko, karibu na majivu.

Walidhani namlilia mjomba. Nilikuwa namlilia, sikatai. Lakini baridi iliyoniingia mikononi haikuwa ya msiba ule. Ilikuwa baridi ya zamani, ya kabla sijaanza shule, nilipobeba woga mmoja peke yangu nisimwambie mtu. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, na sina maneno ya mapambo. Naandika kama nilivyokumbuka pale kwenye majivu.

Nyumba yetu ilikuwa juu, upande wa milima unaoteremkia Mikese, katikati ya migomba na midalasini. Ukungu ulikuwa unaingia ndani bila hodi na kukaa, kama ndugu. Tuliishi mama, mimi, na dada Zuhura, mtoto wa mama mkubwa, aliyenizidi umri na aliyekuwa na jibu la kila swali, hasa maswali asiyoyajua. Baba alikuwa kwao ng'ambo ya bonde, anakuja na kuondoka. Kwetu Waluguru mtu wa nyumba ni mjomba, na mjomba wetu alikuwa Shomari, mdogo wake mama. Alikuwa kijana mrefu hata akiingia mlangoni anainama kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Alikuwa akiteremsha ndizi Mikese kuwauzia wasafiri barabarani, na kila akipanda kurudi ana kitu: chumvi, sabuni, dagaa waliofungwa kwenye gazeti. Siku moja akaniletea kikasha.

"Nimekikuta kwenye mitumba," alisema. "Watoto wa Ulaya wanafundishwa akili kwa hiki. Tuone na wewe."

Kilikuwa cha buluu, kimepauka, na kifuniko cha njano. Kilikuwa na harufu ile ya nguo za mitumba ambayo si uchafu wala si usafi. Kifunikoni kulikuwa na matundu matano, lakini vipande vilivyobaki vilikuwa vinne. Tulivipa majina yetu. Cha duara tulikiita sarafu, cha pembe tatu sambusa, cha pembe nne sabuni, na cha nyota kilibaki nyota. Tundu la tano lilikuwa refu na jembamba, na kipande chake kilipotelea huko Ulaya au njiani.

Mwanzoni nilikuwa napigilia kwa ngumi. Nachukua sambusa, naisukuma kwenye tundu la sabuni mpaka kucha zinauma. Mama alikuwa ameketi mlangoni anakwangua magamba ya mdalasini, tumbo limeshakuwa kubwa, maana alikuwa mjamzito. Akaniambia bila kuinua kichwa:

"Usilazimishe, mwanangu. Kila tundu lina mwenyewe. Kisichoingia si chake. Likimpata mwenyewe, wala halisumbui, linameza tu."

Nikajifunza. Nikawa navitia vyote vinne hata nikifumba macho. Lakini lile tundu refu lilikuwa linanitazama. Nilijaribu kijiko, nikajaribu gunzi, nikajaribu ganda la mdalasini. Chanuo cha Zuhura kilipita, kikaanguka ndani, na Zuhura akanipiga kofi la mgongo.

"Hilo si tundu la chanuo!" alisema.

"La nani sasa?"

"Mwenyewe yupo. Atakuja kulitafuta."

Alisema kwa hasira ya chanuo chake tu. Mimi nikaliweka moyoni.

Kisha akafa Bi Tatu, jirani yetu wa chini ya njia. Alikuwa bibi mzee sana, aliyepungua mwaka hadi mwaka kama sabuni inavyopungua, mpaka akawa akisimama karibu yangu tunakaribia kulingana. Asubuhi ile nilimwona mjomba Shomari akitoka nyumbani kwa marehemu ana ufito wa mtete kwapani, umekatwa ncha zote mbili. Nikamuuliza Zuhura ule ni wa nini.

"Wamempima Bi Tatu," akanong'ona. "Wakachimbe shimo lake. Lisizidi, lisipungue."

Nikaelewa mara moja. Pengine hilo ndilo lililonipata, kuelewa upesi. Mtoto mjinga angeuliza tena.

Alasiri mama alitutuma tuwapelekee wachimbaji maji ya kunywa. Tuliambiwa tuishie kwenye jiwe kubwa tuite, tusikanyage makaburini. Lakini ukiwa juu ya lile jiwe unaona kila kitu. Nilikunja kidole changu ndani ya ngumi, maana tulifundishwa ukionyesha kaburi kwa kidole, kidole kinaoza. Udongo mwekundu ulikuwa umetupwa sehemu mbili. Kulikuwa na mashimo mawili. La kwanza walilifikisha kifuani wakakuta mwamba, jembe likawa linatoa cheche, wakahama na kuanza jingine pembeni. Lile la kwanza lilikuwa wazi, refu, jembamba, pembe zake zimenyooka.

Mzee mmoja wa wachimbaji alikuwa amekaa ukingoni anajifuta jasho kwa kofia yake. Akasema, "Na hili lisilale wazi. Kaburi wazi linaita mtu."

"Litapewa chake, mzee," mjomba Shomari akajibu kutoka ndani ya shimo la pili. Tuliona kichwa chake tu.

Tukiteremka, Zuhura alikuwa ananitazama kwa pembe ya jicho. Alipenda sana kunitisha, na ulikuwa mchezo wake kama mimi nilivyokuwa na wangu.

"Lile limechimbwa kwa kipimo cha Bi Tatu," akasema. "Na Bi Tatu alikuwa mfupi. Mimi siingii, miguu itabaki nje. Mama haingii, ana tumbo. Nani mfupi hapa kijijini?"

"Muongo wewe."

"Mimi nimeuliza tu. Nani mfupi?"

Nilitazama kivuli changu mbele yangu njiani, nikaona kimenyooka, kirefu na chembamba.

Jioni, baada ya maziko, watu walipotawanyika, nilikuwa nimelala mkekani barazani. Usingizi ulikuwa wa juu juu. Nikasikia nyayo, nikasikia harufu ya udongo mbichi na sabuni, kisha kitu chembamba kikagusa kisigino changu na sikio langu. Nilifungua jicho kidogo. Mjomba alikuwa amepiga magoti pembeni yangu, ameulaza mtete sambamba na mwili wangu, anaukata kwa kisu mahali kichwa changu kilipoishia.

Mama akatoka jikoni. Sijamsikia mama akipiga kelele ile tena maishani.

"Shomari! Una wazimu? Mtoto hapimwi kwa ufito! Tena leo, umetoka kuzika, hata miguu haijakauka!"

Mjomba akauficha mtete mgongoni kama mwizi. "Dada, nisamehe. Nilisahau. Nilitaka urefu tu."

"Uvunje huo! Utupe mbali!"

"Nautupa. Nitakadiria kwa macho basi." Halafu akashusha sauti. "Lakini dada, lazima iwe kabla hujajifungua. Mkishakuwa na mtoto mchanga, huyu hana pa kulala."

"Najua," mama akasema. Na sauti yake ilikuwa imechoka, imekubali.

Nyinyi mnaosoma mnajua mjomba alikuwa anazungumza habari gani. Mimi nilikuwa nimelala nimefumba macho, na kila neno lilikuwa linaanguka mahali pake, tak, tak. Shimo liko wazi. Litapewa chake. Wamenipima. Mama anajua. Mtoto mwingine anakuja, na mimi sina pa kulala isipokuwa kule.

Siku zilizofuata sitaki kuzisema nyingi. Nilikuwa naogopa asubuhi, naogopa mchana, naogopa nikipewa chakula kizuri. Mama akinipaka mafuta najiuliza kwa nini ananipaka vizuri hivi. Akinikumbatia, nahesabu anaaga. Sikumuuliza. Kwetu mtoto haulizi habari za makaburi, na tena niliogopa kwamba nikiuliza atasema ndiyo.

Nikatafuta njia yangu, na njia niliyoijua ilikuwa ya kikasha. Kisichoingia si chake. Sarafu haiingii tundu refu, hata uisukume vipi. Basi nikaamua kuwa duara. Nikawa nalala nimejikunja, magoti kidevuni, mikono nimezungusha miguu, nimebana mpaka viungo vinauma. Mama akininyoosha, nikishasikia amerudi kwenye usingizi wake najikunja tena. Mchana nilitembea nimeinama. Nilikula ugali mpaka wa Zuhura, nikitaka kupanuka.

"Mbona unajikunja kama jongoo?" mama aliniuliza. "Tumbo?"

Nikasema ndiyo, tumbo. Akanichemshia majani ya mpera, yale machungu yanayokausha mdomo. Nikayanywa. Zuhura akaanza kuniita Jongoo, na kila akipita ananigusa kwa kidole cha mguu aone kama nitajikunja zaidi. Nilikuwa najikunja kweli.

Lakini nilijiona bado mwembamba. Na mvua zilikuwa zimeanza, na nilijua mvua ikinyesha shimo linapata maji, na wakubwa hawapendi kazi kulala. Hapo nikafikiria jambo jingine. Kama mimi siyo, basi atafutwe mwingine. Nilipima vitu vya nyumbani kwa macho. Mkeka uliokunjwa ulikuwa mlaini. Ngazi ya darini ilikuwa na mapengo. Ulibaki mchi wa kinu. Ulikuwa mrefu, wa mviringo, mzito, umelainika kwa mikono ya mama na ya mama yake. Ulikuwa kama mtu asiye na mikono. Nikaona utatosha, au utalidanganya shimo siku chache.

Nilingoja alasiri, mama amejilaza, Zuhura yuko mtoni. Nikauburuta ule mchi kwa kamba. Njia inapanda kwenye migomba, na majani yake makavu yalikuwa yanasugua kama watu wanaonong'ona na kunyamaza ninapopita. Ukungu ulikuwa umeshuka. Niliona miguu yangu na mwisho wa kamba, basi. Nilikuwa nalia bila sauti, machozi yanaingia mdomoni. Nilisema Bismillahi mpaka neno likanichanganyikia. Nikafika kwenye jiwe, nikalipita, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulifanya. Nikasogea huku nimekunja vidole vyote, hata vya miguu.

Mashimo yote mawili yalikuwa yamefukiwa.

Nilisimama. Matuta mawili ya udongo mwekundu, sawa kwa sawa, yamepigwapigwa na mvua. Moja lilikuwa la Bi Tatu. Na la pili?

Ningepaswa kufurahi. Kwa pumzi moja labda nilifurahi. Halafu nikaelewa, kwa akili ile ile ya kuelewa upesi, kwamba tundu limeshampata mwenyewe, na mwenyewe ni mtu. Nikaacha mchi na kamba, nikakimbia. Nilianguka, nikainuka, nikaanguka tena kwenye utelezi. Nyumbani mama alikuwa ameamka anapuliza moto. Zuhura alikuwa anatua ndoo. Nikawatazama wote wawili, wapo. Ndipo nikauliza:

"Mjomba yuko wapi?"

"Hayupo," mama akasema, moshi ukiwa machoni mwake, anayafuta. "Wewe umetokea wapi na matope hayo?"

Kwangu yale yalikuwa machozi. Mjomba hakuwa amerudi kwetu tangu siku ile ya ufito. Nikakumbuka alivyokuwa ndani ya shimo, kichwa tu kinaonekana, akisema litapewa chake. Nikakumbuka mama alivyomkemea, na yeye akasema nisamehe dada. Nikaona jambo lote. Alikataliwa kunipeleka mimi, akaenda mwenyewe. Na kwa kuwa ni mrefu, lazima walimkunja.

Sikula jioni ile. Woga wa kufa uliniacha, ukaja mwingine mbaya kuliko ule, wa kwamba kuna mtu yuko chini amekunjwa kwa ajili yangu na kila mtu hapa anatwanga, anacheka, anateka maji. Kutwanga kwenyewe kulikuwa kwa mchi wa kuazima, maana mama aliutafuta wake kila mahali. "Mchi una miguu?" alikuwa anasema. "Zuhura, mchi wangu!" Zuhura akaapa kwa Mungu hajui. Homa ikanishika. Mama akanilaza karibu na moto, akaniwekea kitambaa cha maji, na nilisikia akimwambia jirani, "Sijui mwanangu kaona nini."

Mjomba alirudi siku ya mvua nyepesi, mchana. Nilikuwa peke yangu barazani, nimejifunika kanga ya mama. Nilimwona akitokeza kwenye migomba. Alikuwa na udongo mwekundu mpaka magotini, mikononi, hata shavuni, na begani alikuwa amebeba mbao. Alikuwa anakuja taratibu, ameinama kwa uzito.

Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Mkojo ulitoka. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani.

"Eh! Hata shikamoo hakuna?" alisema akitua mbao. "Mwaju! Ni mimi."

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona unatetemeka? Una homa?"

"Mjomba," nikasema, "umetokaje?"

"Nimetoka Mikese. Njia haipitiki, nimeanguka na mbao zangu kama mlevi."

"Hapana. Mle. Umetokaje mle?"

Alinitazama. Alikuwa mtu wa utani, na niliona utani ukimjia mdomoni, kisha ukarudi ulikotoka. Akachuchumaa pale kwenye matone ya paa, mbali kidogo, asinisogelee. Akauliza polepole, "Mle wapi, mama?"

Nikamwambia. Nilimwambia vibaya, mwisho ukiwa mwanzo: mchi, jongoo, ufito, Bi Tatu, tundu refu la kikasha. Mama alikuwa ametoka, amesimama mlangoni ameshika tumbo. Niliposema habari ya mchi akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa kanga, halafu kicheko kikageuka, akakaa chini palepale kizingitini analia.

Mjomba hakucheka. Alinisimulia kama mtu anavyomsimulia mtu mzima mwenzake. Kwamba kaburi likichimbwa haliachwi tupu, ndiyo, ni kweli, na mzee yule hakusema uongo. Kwa hiyo walikata mgomba, wakaupima kwa ufito uleule wa Bi Tatu, wakaufunga kipande cha shuka, wakaulaza, wakafukia.

"Mgomba?"

"Mgomba. Wa ndizi za mkono wa tembo. Ulikuwa umeshazaa, hauna kazi."

"Na kaburi halikujua?"

"Kaburi lina njaa tu, halina macho."

Nikafikiri. Mvua ilikuwa inaosha udongo kwenye mikono yake, unatiririka mwekundu mpaka kwenye vidole.

"Na kama migomba isingekuwepo?"

Mama akasema, "Mwaju, acha." Lakini mjomba akamwinulia mkono anyamaze.

"Kama isingekuwepo ningeingia mimi," alisema. "Si ndiyo ulivyodhani? Hujakosea sana. Mjomba ni wa kazi gani?"

Alianza kazi palepale barazani, mvua ikinyesha. Zile mbao zilikuwa za kitanda changu, cha kulala peke yangu mtoto akizaliwa, na safari yote ile alikuwa anazitafuta Mikese pamoja na kamba za katani. Zuhura alitumwa kuufuata mchi makaburini, adhabu ya mdomo wake, na alikwenda akilia. Mimi nilikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nimevalishwa gauni kavu, namtazama. Aliposhika msumeno aligeuka kunikadiria kwa macho kama alivyomuahidi mama. Nikajikunja. Sikukusudia, mwili ulijikunja wenyewe.

Akaona. Akaushusha msumeno.

"Haya," alisema. "Sikupimi, wala kwa macho. Nageuka huku." Akanipa mgongo, akalala chali juu ya ile mbao ndefu, kwenye unyevu wa baraza, na nguo zake za matope. "Dada, tia alama hapa kwenye kisigino changu."

"Shomari, hicho kitakuwa kitanda cha jitu."

"Weka alama, dada."

Mama akaweka alama kwa mkaa.

Kilipokwisha kilijaza chumba, mlango ukawa unafunguka nusu. Kamba mpya za katani zilikuwa zinanuka shamba na jua. Mama akatandika mkeka, akatandika na kanga juu yake, na mjomba akaninyanyua akaniweka kichwani mwa kitanda, akatoka nje akavuta mlango. Nililala nimejikunja kama nilivyozoea. Nilimsikia nje akinawa, akimtania Zuhura aliyerudi na mchi begani. Nikanyoosha mguu mmoja kidogo, nikasubiri. Nikanyoosha na wa pili. Nikajivuta chini nikitafuta kwa vidole mwisho wa kitanda, nikajivuta tena, sikuufikia.